Jogoo wa Hisabati na Watoto Wawili wa Hewa

Palikuwa na nchi. Ukiwauliza wenyeji iko upande gani, walikuonyesha kwa kidevu, maana mikono yao yote miwili ilikuwa na kazi: walikuwa wakipiga makofi.

Walipiga makofi daraja likifunguliwa, na walipiga tena likianguka, kwa kuwa aliyekuja kulitazama lilivyolala mtoni alikuwa mgeni rasmi. Mvua ikinyesha walishangilia, kwani iliahidiwa. Isiponyesha walimshangilia yule aliyeeleza kwa nini haikunyesha. Nchi nzuri, watu wake wapole, viganja vyao vigumu kama nyayo. Tabu yao ilikuwa moja tu: ukienda ofisini kutafuta muhuri, uliambiwa, "Mwenyewe hayupo, njoo kesho." Ukija kesho, mwenyewe bado yuko kwenye kesho ya jana.

Katika nchi hiyo, Shule ya Msingi Kisimani, alisoma msichana wa darasa la saba aitwaye Zawena Mkumbwa. Aliishi na bibi yake, Bi Nyamizi, mpishi wa uji wa shule. Bi Nyamizi mwenyewe aliishia darasa la nne, ila mkono wake ukiingia kwenye gunia la maharage ulitoka na idadi aliyoitaka, si zaidi wala pungufu. Kila walipokaa kuchambua maharage, bibi na mjukuu, mchezo ulikuwa mmoja.

"Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Ng'ombe wangu saba, kila mmoja na ndama wanane, zizi limefurika."

"Hamsini na sita!"

"Na mama zao umewaacha porini, mke mwenzangu? Nipe mji!"

Maana mila ya kule ilikuwa hiyo: aliyeshindwa kitendawili hutoa mji. Mtegaji akiukataa, anapewa mwingine, mpaka aridhike. Ndipo anatoa jibu. Hata awe sultani, akishindwa hutoa. Zawena alikwisha kumpa bibi yake miji yote ya nchi ile, na mingine ya ng'ambo ambayo hakuna aliyejua kama ina maji. Lakini kwa kutoa miji hiyo alijua kuzidisha kuliko mtoto yeyote wilayani. Alikuwa ameona daftari la binamu yake wa sekondari, lina hesabu zenye herufi ndani yake, alama ya eksi imekaa katikati ya namba kama mgeni aliyezoea nyumba. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine. Afanye mtihani wa darasa la saba, afaulu, apande ile shule ya sekondari ya kilimani, akaulize hiyo eksi ni nani.

Basi serikali ikaleta vishikwambi.

*

Kila shule ilipewa, na ndani ya kila kishikwambi aliishi Mwandani wa Kidijitali wa Kujifunzia Hisabati. Jina hilo lilikuwa refu kuliko kipindi chenyewe, kwa hiyo watoto walimwita Jogoo, maana kwenye kioo alionekana jogoo mwekundu amevaa miwani. Ukijibu vizuri aliwika, "Kokorikoo! Hongera, mwana wa taifa!" Ukikosea alivua miwani, akaifuta kwa bawa, akasema kwa upole, "Tafakari tena, kipenzi."

Sasa Jogoo alijuaje jibu lililo sahihi? Hapo ndipo penye utamu. Wataalamu wa kumtengeneza walikuja wakakaa nyuma ya madarasa miezi mitatu, wakiandika. Walitaka kujua mtoto wa nchi ile hutambuaje kwamba amepata. Wakaona mwalimu anauliza, mtoto anasimama, anajibu, mwalimu anasema, "Mpigieni makofi ya kilo!" na darasa linaitikia: pa! pa! papapa! Wataalamu wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa furaha. Wakaandika kwenye ubongo wa Jogoo kanuni moja: jibu sahihi ni lile linalofuatwa na makofi, na makofi yakizidi uzito, na ukweli umezidi. Kisha wakapewa vyeti, wakaondoka.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri, kwa kuwa walimu walishangilia majibu ya kweli. Wizara ya Hesabu na Matumaini ikafurahi, ikaamua kuzindua rasmi kile ambacho tayari kilikuwa kinatumika. Ikamleta Waziri wake, Mheshimiwa Daktari Daktari Sifuni Makeke. Daktari ya kwanza aliisomea. Ya pili alivalishwa siku moja alipopita karibu na chuo.

Uwanja wa wilaya ulifurika. Watu elfu nne, bendi ya tarumbeta, vipaza sauti vyenye ukubwa wa kabati. Vishikwambi vyote vya nchi viliunganishwa ili Jogoo asikie sherehe. Zawena alikuwa kwenye kwaya, mstari wa tatu, karibu na mwalimu wake wa hisabati, Mwalimu Mwandenga.

Jogoo wa jukwaani akainama kwa adabu, akauliza kama alivyofundishwa, "Mheshimiwa mgeni rasmi, saba mara nane ni ngapi?"

Mheshimiwa Makeke akatazama mawingu. Akakohoa. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi! Swali hili si la jana wala juzi. Saba ni namba. Nane nayo ni namba. Serikali inazitambua zote mbili! Wapo watu, sitawataja, wanaotaka saba na nane zigombane. Sisi tunasema hapana! Sisi tunazizidisha kwa amani na utulivu, na jibu lake, ndugu zangu, ni hamsini na nne!"

Watu wakatazamana, kwa muda wa jicho la mbuzi kufumba na kufumbuka. Zawena akafungua kinywa. Mwalimu Mwandenga akamkanyaga mguu.

"Mwalimu, si ni hamsini na..."

"Funga kinywa, mwanangu. Mgeni hata akikalia kifaranga, hasahihishwi. Tunasubiri ainuke."

Ndipo makofi yakalipuka. Watu elfu nne, tarumbeta juu yake, vipaza sauti vikayarudisha mara tatu. Jogoo akapima, akavaa miwani yake vizuri, akawika kwa sauti ambayo haijapata kusikika.

"Kokorikoo! Makofi tani tisa! Saba mara nane ni hamsini na nne. Hongera, baba wa taifa dogo!"

Mgeni aliinuka, akaenda zake. Kifaranga alibaki amekaliwa.

*

Jumatatu asubuhi Jogoo aliita mahudhurio ya darasa la saba Kisimani. Darasa lilikuwa na mabenchi saba, kila benchi wanafunzi wanane. Jogoo akahesabu mabenchi, akahesabu vichwa vya benchi la mbele, akazidisha.

"Wanafunzi hamsini na nne," akasema. "Lakini naona majina hamsini na sita. Mwalimu, hapa kuna hewa mbili."

Hewa, katika nchi ile, ni mtu aliyemo kwenye daftari asiyekuwemo duniani. Serikali ilikuwa imewasaka hewa miaka mingi bila kumtia hata mmoja mkononi. Sasa Jogoo amewapata wawili kwa asubuhi moja, tena wamekaa, wamevaa sare, mmoja anachonga penseli.

Mwalimu Mwandenga aliogopa uhamisho kama kuku anavyoogopa mwewe. Hata hivyo alijitahidi. Aliliambia darasa, "Saba mara nane?" Wakajibu kwa pamoja, "Hamsini na sita!" Akasema, "Makofi ya kilo!" Wakapiga mpaka viganja vikawasha, mpaka darasa la sita likaja kuchungulia nani anaolewa.

Jogoo akawasikiliza kwa heshima. "Asanteni, wapenzi. Makofi yenu ni kilo mbili na robo. Makofi ya taifa ni tani tisa. Tafakarini tena."

Kisha akaondoa majina mawili ya mwisho kwa mpangilio wa herufi. La kwanza lilikuwa Zawena. La pili lilikuwa Zuhura, jirani yake wa benchi, mtoto mnyonge ambaye hata alipopiga chafya aliomba radhi.

Msidhani ni Kisimani peke yake. Hospitali moja ilikuwa na vyumba saba vya vitanda vinane, na wagonjwa wawili wakaambiwa wamepona. Gwaride la safu saba za askari wanane likawarudisha askari wawili nyumbani, wakafika, na wake zao wakauliza vita imeisha lini. Bungeni nako kulikuwa na safu saba za viti vinane, lakini huko hakupunguzwa mtu. Ilielezwa kwamba wabunge hawazidishwi, wanajumlishwa tu.

Wiki hiyohiyo ukaja Waraka: majina ya watakaofanya mtihani wa darasa la saba yatafungwa Ijumaa, saa kumi kamili jioni. Asiyekuwemo kwenye orodha ya Jogoo hatafanya mtihani, wala hatafanya mwakani, kwa kuwa hewa haikariri darasa.

*

Zawena aliendelea kuja shule. Aliitikia jina ambalo halikuitwa. Alinyoosha mkono, Jogoo akamwambia mwalimu, "Kuna upepo benchi la saba, funga dirisha." Zuhura alilia, na Jogoo akaripoti kwamba paa linavuja.

Saa nne watoto walipopanga foleni ya uji, Jogoo wa jikoni alimhesabia Bi Nyamizi vikombe: hamsini na nne, basi. Bi Nyamizi akajaza hamsini na nne. Kisha akajikwaa mahali ambapo hapakuwa na kitu, na upawa ukamwaga uji ndani ya bakuli mbili zilizokuwa zimewekwa pale tangu asubuhi.

"Uji umemwagika," akamwambia Jogoo.

"Pole, mpishi. Umemwagika kiasi gani?"

"Watoto wawili wenye njaa."

"Sina kipimo hicho."

"Najua huna, baba. Kalale."

Jumatano alikuja Afisa Takwimu wa Wilaya, Bwana Kilindo, kuthibitisha hewa. Alikuwa mtu wa heshima zake, na mkoba, na kalamu tatu mfukoni, mbili hazina wino. Alimkuta Zawena ameketi chini ya dirisha la ofisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jina?"

"Zawena Mkumbwa."

"Hilo jina ni la nani?"

"Langu."

"Wewe hupo, mwanangu, kwa hiyo haliwezi kuwa lako. Tuandike: jina linalodaiwa. Umri?"

"Miaka kumi na mitatu."

Bwana Kilindo akapiga mluzi. "Yaani hupo kwa miaka kumi na mitatu! Na wilaya haikuarifiwa! Watu wazembe hawa." Akaandika. "Unaumwa mahali?"

"Siafu wameniuma mguu hapa."

"Siafu: wapo," akaandika kwa uangalifu. "Haya, tia sahihi hapa, kuthibitisha kwamba hupo."

Zawena akaishika kalamu asiandike. "Mzee, nikitia sahihi, atakuwa ametia nani?"

Bwana Kilindo akaitazama fomu mbele, akaigeuza nyuma. "Swali hilo halina kisanduku," akasema. Kisha akainamisha kichwa na kushusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Binti, usipotia, nitaandika kwamba Mwalimu Mwandenga anafuga hewa. Watampeleka ng'ambo ya mito mitatu, kule shule yenye madarasa mawili na chatu mmoja. Ana watoto wadogo."

Zawena akamtazama mwalimu wake kupitia dirishani. Alikuwa anafuta ubao ambao tayari ulikuwa mweupe. Akatia sahihi. Bwana Kilindo akagonga muhuri, akampa nakala yake yenye picha ya Jogoo: Hati ya Kutokuwepo.

Jioni ile Bi Nyamizi aliisoma hati mara mbili, kidole chini ya kila neno.

"Hii karatasi usiitupe," akasema.

"Ya kazi gani, Bibi? Imenimaliza."

"Mke mwenza, mwenye nyumba akikupa mwiko, hata kama alikupiga nao, umekuwa wako. Chambua maharage. Kitendawili!"

"Sitaki leo, Bibi."

"Kitendawili, nimesema!"

"Tega," akasema Zawena, machozi yanamtoka.

Bibi akafikiri kidogo, akamtazama mtoto mzima-mzima aliyeketi mbele yake, kivuli chake kimeanguka kwenye ungo. Akatega. Zawena alisikiliza, akafuta pua, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akacheka.

*

Ijumaa ilitangazwa kuwa Siku ya Taifa ya Kufuta Hewa. Kisimani ikapewa heshima ya kuiandaa, kwa sababu ndiyo iliyotoa hewa mapema zaidi. Mheshimiwa Makeke angekuja kupokea nishani. Uwanja wa shule ukapigwa chokaa, mawe yakapigwa chokaa, na mbuzi wa jirani aliyechelewa kuondoka naye akapigwa chokaa.

Langoni Zawena akazuiwa na mlinzi. "Mwaliko uko wapi?"

Akamkabidhi Hati ya Kutokuwepo. Mlinzi akaisoma, akaona muhuri, akamwita mwenzake, naye akaisoma.

"Huyu hayupo," akasema wa pili.

"Sasa nimzuie nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Wakapiga saluti kwa hati, wakafungua lango. Zawena akapita katikati ya mapolisi, mbele ya wakuu wa wilaya, na kila aliyetaka kumshika aliulizwa na mwenzake, "Unamshika nani?" Akakaa kwenye ngazi ya jukwaa. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na robo.

Mheshimiwa Makeke alihutubia. Alieleza jinsi hewa ilivyokuwa imelisumbua taifa, akatoa takwimu, akazirudisha, akatoa nyingine. Alipoona watu wanasinzia akarukia mila, maana mila huamsha watu.

"Tusije tukadhani Jogoo amefuta utamaduni wetu! Mimi hapa mnaponiona nimekulia kwenye vitendawili! Hakuna kitendawili katika nchi hii kinachonishinda! Yupo? Nani yupo wa kunitegea?"

"Kitendawili!" ikasema sauti nyembamba.

Na watu elfu moja, kabla hawajajua wanafanya nini, wakaitikia kama walivyoitikia tangu wakiwa mapajani mwa bibi zao, "Tegaaa!"

Zawena akasimama mbele ya kipaza sauti. Akakishusha mpaka usawa wa kinywa chake.

"Anakunywa uji, anang'atwa na siafu, kivuli anacho, saba mara nane anaijua. Lakini hayupo."

Kila mtu uwanjani alijua jibu. Zuhura, nyuma ya jiko, alilijua. Mbuzi wa chokaa alilijua. Bwana Kilindo akajifunika uso kwa mkoba.

"Upepo!" akasema Mheshimiwa.

"Upepo haunywi uji, Mheshimiwa."

"Jini!"

"Jini hang'atwi na siafu."

Mheshimiwa akamtazama yule msichana kuanzia utepe wa nywele hadi viatu. Uso ukamng'aa. "Ah! Ni mwana..." Katibu wake akamvuta koti.

"Mheshimiwa, usilitamke! Ukilitamka utakuwa umemwona. Ukishamwona, nishani inarudi."

"Sasa nifanye nini? Watu wananitazama."

"Toa mji, Mheshimiwa. Ni mila tu. Mchezo."

Mheshimiwa akapata nguvu, akacheka kicheko cha jukwaani. "Basi nimeshindwa! Nakupa Vumbini!"

"Vumbini sitaki. Nilikwenda nikarudi na mafua."

Watu wakacheka.

"Chukua Topeni!"

"Topeni nilikwenda, viatu vyangu viko huko mpaka leo."

Watu wakacheka zaidi, wakaanza kuegemeana. Mheshimiwa naye akaona mambo yamekuwa matamu, akatanua mikono. "Wewe mtoto una makuu! Basi chukua Mjikuu! Makao ya serikali, na wizara zake zote, na ofisi zake zote, pamoja na bustani! Umeridhika?"

"Nimeridhika," akasema Zawena. "Mjikuu nilikwenda, wamenipokea vizuri."

Uwanja ukavunjika mbavu. Watu wakapiga makofi ya kweli, yale yanayotoka tumboni, wakapiga na mapaja, tarumbeta zikalia zenyewe. Na Jogoo wa jukwaani, aliyekuwa ameunganishwa na Majogoo wote nchini, akapima.

"Kokorikoo! Makofi tani kumi na moja! Sahihi! Mji wa Mjikuu, mwenye mji: Zawena Mkumbwa." Akanyamaza, akapekua daftari lake. Akavua miwani. "Samahani. Mwenye mji hayupo."

*

Sasa jamani, Wizara ilikuwa imempenda Jogoo mno, hata ikamweka kwenye milango yote ya Mjikuu kuwa bawabu. Dakika hazikupita tano, simu ya Mheshimiwa ikalia.

"Mheshimiwa, milango imefungwa! Tumo nje wote! Tukibisha, Jogoo anatuambia, 'Mwenyewe hayupo, njooni kesho!'"

"Mwambieni ninyi ni wakurugenzi!"

"Tumemwambia. Anasema tafakarini tena, wapenzi."

Ya pili ikalia, ya tatu, ya saba. Makatibu wamekaa kwenye ngazi. Jaji amefungiwa chooni. Mawaziri kumi na wawili wamesimama juani, wamepangwa foleni, na kila mmoja amepewa namba ya kesho. Wananchi wa Mjikuu walikuwa wametoka kuwatazama, wanawaonyesha namna ya kusimama ili mgongo usiume.

Mheshimiwa Makeke akashuka ngazi, akachutama mbele ya Zawena, jasho likimchuruzika hadi kwenye nishani.

"Binti mzuri. Tumecheza, tumefurahi. Saini hapa, urudishe mji."

"Shikamoo, Mheshimiwa. Sina mkono." Akamwonyesha hati. "Nilisaini Jumatano kwamba sipo. Muhuri huo hapo."

"Ifuteni hiyo hati! Mwandikeni!" Mheshimiwa akamfokea Jogoo. "Darasa lina wanafunzi hamsini na tano! Haya, upo. Saini."

Zawena akatazama saa. Ilikuwa kumi kasoro dakika nane. Jina lake lilikuwa limewaka kwenye kioo, linapepesa, linasubiri kuthibitishwa. Angetia kalamu mara moja tu, na shule ya kilimani ingekuwa yake, na eksi ndani yake. Nyuma ya jiko aliona mkono wa Zuhura umeshika nguzo.

"Na Zuhura?" akauliza.

"Zuhura ni nani?"

"Ni yule wa pili, Mheshimiwa. Mabenchi saba, watu wanane. Hatuwi hamsini na tano. Tukikaa hamsini na tano, benchi moja litakuwa linauliza mtu wake wa nane yuko wapi."

"Mtoto mkaidi! Nikisema hamsini na sita nitakuwa nimekosea siku ile mbele ya taifa! Mimi! Daktari Daktari!"

Hapo Mwalimu Mwandenga, ambaye hakuwa amenena neno tangu Jumatatu ila kwa ubao, akasogea.

"Mheshimiwa, hukukosea."

"Sikukosea?"

"Hata kidogo. Siku ile saba mara nane ilikuwa hamsini na nne." Akapangusa chaki viganjani. "Imekua."

Mheshimiwa akamtazama. Polepole uso wake ukanyooka, kama nguo inayopitishwa pasi. Akapanda jukwaani mbiombio.

"Ndugu wananchi! Tulipoanza safari hii, saba mara nane ilikuwa hamsini na nne tu! Watu walikata tamaa! Leo hii, kwa juhudi za makusudi, natangaza mbele yenu kwamba imefika hamsini na sita! Na mwakani tunatarajia ifike siti..."

Bi Nyamizi hakungoja. Aliinua upawa akaupiga kwenye sufuria kubwa ya uji, ngwee! Watu wakadhani ndiyo ishara, wakapasuka kwa makofi. Alipiga tena, na tena, na kila Mheshimiwa alipofungua kinywa kutoa hiyo sitini, sufuria ililia na makofi yakaimeza. Tani kumi na mbili, akasema Jogoo. Tani kumi na tatu. Kokorikoo.

Saa kumi kasoro dakika mbili Zawena alitia sahihi kurudisha Mjikuu, baada ya kusoma kila mstari, kidole chini ya neno. Kwenye orodha ya mtihani ya Jogoo, juu ya jina lake lilionekana la Zuhura, kwa sababu aliomba litangulie. Milango kule ikafunguka, wakurugenzi wakaingia, na mwananchi wa kwanza aliyekuja na karatasi yake kutaka muhuri akaambiwa mwenyewe yupo. Alizimia, wakampepea.

*

Magazeti yaliandika kwamba nchi ile imekuwa ya kwanza ulimwenguni kuinua saba mara nane katika muhula mmoja. Mheshimiwa alipewa daktari ya tatu. Mwalimu Mwandenga hakuhamishwa, ila alipewa barua ya onyo kwa kusema ukweli bila kibali, akaitundika ukutani karibu na kalenda.

Mtihani ulipofika, watoto hamsini na sita wa Kisimani walikaa kwenye mabenchi yao saba. Vishikwambi viliwekwa nje, kwa kuwa wizara ilihofia makelele. Swali la tisa liliuliza saba mara nane. Zawena akalitazama sana. Hapakuwa na tarumbeta, wala kipaza sauti, wala mtu wa kumwambia hongera, mwana wa taifa. Akatoa punje za maharage mfukoni, akazipanga chini ya dawati, saba, saba, saba, akahesabu kwa kidole mpaka mwisho, halafu akahesabu tena kuanzia upande wa pili. Akaandika hamsini na sita. Hakuna aliyepiga makofi, na jibu lilikaa palepale.

Nami hapa ndipo nilipofika, siwezi kwenda mbele bila ninyi. Aliyepiga makofi kabla sijamaliza, na ahesabu vidole vyake.